Kujibu Ndiyo Adabu

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kitabu chembamba kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Kilikuwa *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania* cha Mwalimu Nyerere. Nilikuwa nimekisoma maktaba nikiwa chuo, nikataka nakala yangu. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa kubishana. Kajaza maandishi ya penseli pembeni mwa kurasa. Pengine kaandika "Sawa." Pengine "Hapa ana hoja." Na mbele kidogo, penseli imekandamizwa nusura itoboe karatasi: "Si kweli!"

Simjui mtu huyo. Lakini siku hizi namkumbuka mara kwa mara, na sababu ni kazi yangu.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka miwili nilikuwa mtayarishaji wa kipindi cha mjadala wa siasa kwenye kituo kimoja cha redio. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza: tafuta mgeni wa chama tawala, tafuta wa upinzani, waweke studio, washa maiki. Siku moja walikuja wageni wawili ambao hawakuwa na majina makubwa. Mada ilikuwa Muungano. Wakazungumza saa nzima. Kuna wakati mmoja wao alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hapo ndugu yangu umenikamata, nitakwenda kujipanga upya." Mwenzake akacheka, wakaendelea. Nilitoka studio nikiamini kwamba siku hiyo tumefanya kazi.

Bosi wangu akaniambia kipindi kimepoa kama uji wa jana. Wiki iliyofuata akanitaka nialike wawili wanaojulikana kwa mdomo. Nikawaalika. Dakika ya kumi na tano mmoja alikwisha mwita mwenzake kibaraka, na mwenzake akajibu kwa jambo la nyumbani kwake ambalo sitalirudia hapa. Kipande hicho kikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi kwa shangazi yangu huko mkoani. Nikapongezwa. Na kusema kweli, nilifurahi kupongezwa.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema siasa yetu zamani ilikuwa ya hoja na sasa ni ya matusi, nasikiliza kama mshitakiwa. Lakini pia nasikiliza kwa shaka. Zamani ipi hiyo? Na hoja zilijibiwaje? Nikaona njia ya kupata jibu ni kuchukua swali moja tu, swali lile lile, na kulifuata jinsi lilivyojibiwa miaka hadi miaka. Swali hilo ndilo waliloongea wageni wangu wale wasio na majina: Muungano uwe wa serikali mbili, au tatu?

Kwa msomaji asiye Mtanzania, jambo lenyewe ni hili. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Zanzibar ikabaki na serikali yake, na Serikali ya Muungano ikashika mambo ya Muungano pamoja na mambo yote ya Tanganyika. Basi tangu hapo kuna anayeuliza, Tanganyika ilikwenda wapi? Na kuna anayeuliza kutoka upande wa pili wa bahari, mbona Serikali ya Muungano na ya Bara ni watu wale wale? Anayetaka serikali tatu anasema Tanganyika nayo iwe na yake, ya Muungano ikae juu. Anayetaka mbili anasema ukifanya hivyo Muungano wenyewe utavunjika. Pande zote mbili zina watu wenye akili na wanaoipenda nchi yao. Ndiyo maana ni swali zuri la kupimia.

Kipimo chenyewe nakichukua kwa Mwalimu mwenyewe. Mwaka 1962 aliandika kijitabu kinaitwa *Tujisahihishe*. Ni kifupi, unaweza kukimaliza kabla chai haijapoa. Humo analalamikia tabia ya watu kupima jambo kwa kumtazama aliyelisema: nikimpenda, lake ni kweli; nikimchukia, lake ni uongo hata kama ni hesabu ya kujumlisha. Anasema ukweli haujali nani ni mkubwa na nani ni mdogo. Kipimo ni hicho. Sasa tuone.

Mara ya kwanza ambayo swali letu lilileta tafrani kubwa ilikuwa baada ya 1983, pale CCM yenyewe ilipotangaza mapendekezo ya kubadili Katiba na kuwaalika wananchi wajadili. Visiwani mjadala ukagusa muundo wa Muungano. Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alikuwa anajiandaa kulipeleka suala hilo katika ngazi ya kikatiba. Januari 1984 akaitwa kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM Dodoma. Alitoka akiwa amejiuzulu nyadhifa zake zote. Hakukuwa na matusi barabarani, wala mtu hakurushiwa kiti. Kila kitu kilifanyika kwa utaratibu, ndani ya ukumbi, kwa lugha ya chama. Lakini hoja yake haikujibiwa mbele ya wananchi. Kilichojibiwa ni cheo chake. Jumbe alikaa miaka kumi ndipo akatoa kitabu chake mwaka 1994, *The Partner-ship*, akaeleza upande wake.

Hapo ndipo shaka yangu juu ya "zamani" ilipoanza. Upole ulikuwepo, hoja haikuwepo.

Mara ya pili ilikuwa ya wanasheria. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize wananchi kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vingi. Takriban asilimia 80 walisema kimoja kibaki. Hata hivyo tume ikapendekeza vyama vingi, na nchi ikakubali. Nadhani hatujaitafakari vya kutosha ajabu hiyo. Wengi walishindwa na wachache, si kwa bunduki, bali kwa sababu sababu za wachache zilionekana zina uzito. Mwalimu alikuwa mmoja wa waliosema kwamba watu 20 katika 100 si wa kupuuzwa. Lakini tume ile ile ilipendekeza pia muundo wa serikali tatu, na kufutwa au kurekebishwa kwa sheria 40 ilizoziona kandamizi. Kwenye serikali tatu serikali haikuenda. Ilichukua ilichokipenda, kingine ikakiweka kabatini.

Kabati halikufungika muda mrefu. Mwaka 1993 ikajulikana kwamba Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Bara wakahoji: nchi moja, uanachama wa nusu nchi? Agosti mwaka huo wabunge 55, walioitwa G55, wakiongozwa na Njelu Kasaka, wakapeleka hoja bungeni ya kudai Serikali ya Tanganyika. Bunge lile lilichaguliwa 1990, enzi za chama kimoja. Wote walikuwa CCM. Na sera ya CCM ilikuwa serikali mbili. Bunge likaipitisha hoja.

Nyerere wakati huo alikuwa mstaafu. Urais aliuacha 1985, uenyekiti wa chama 1990. Hakuwa na kalamu ya kumfukuzia mtu. Alichokuwa nacho ni kalamu ya kuandikia, na akaandika. Ndicho kile kitabu nilichokinunua Posta, kilichochapwa Harare.

Nikuambie ukweli, si kitabu cha upole. Anayedhani ustaarabu wa hoja ni kusemeshana taratibu, akisome aone. Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba wanatajwa kwa majina, na wanapata kipigo cha maneno ambacho leo kingeitwa udhalilishaji. Lakini tazama anavyokwenda. Anaeleza kwa nini mwaka 1964 hawakuchagua serikali moja: ingeonekana Tanganyika imeimeza Zanzibar. Anaeleza kwa nini hawakuchagua tatu: Tanganyika ingebeba gharama ya serikali yake pamoja na sehemu kubwa ya gharama ya Serikali ya Muungano. Anauliza, kiongozi asiyekubaliana na sera ya chama chake afanye nini? Abadili sera kwa utaratibu ulio wazi, au aondoke. Anamchukua mpinzani wake, anamweka mezani, anamjibu kipengele kwa kipengele. Ukimaliza kusoma unaweza usikubaliane naye hata kidogo. Lakini unajua hasa ni wapi hukubaliani naye, na unaweza kuweka penseli hapo. Yule bwana wa pembeni mwa kurasa aliweka.

Sitaki kuipamba habari hii. Wabunge walirudi nyuma mwaka 1994, na si wote walirudi kwa kushawishika. Sauti ya Nyerere ilikuwa nzito kuliko ya mstaafu yeyote, na kupingana naye kulikuwa na bei. Mwisho wa mwaka huo Malecela akapoteza uwaziri mkuu. Hata hivyo jambo moja linabaki: mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini alijiona ana deni la kueleza sababu, kwa maandishi, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa shule ya msingi na fundi wa baiskeli wangeweza kukifuata. Alimheshimu mpinzani kwa kumjibu. Heshima ya aina hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Swali halikufa. Mwaka 1998 serikali ya Rais Mkapa ikatoa waraka wa kukusanya maoni juu ya Katiba, na kamati ikaundwa chini ya Jaji Robert Kisanga. Wengi waliotoa maoni walitaka serikali mbili. Lakini kamati, baada ya kupima, ikapendekeza tatu. Rais akaikosoa hadharani kwamba imevuka mipaka ya kazi iliyotumwa. Angalia tofauti na kitabu cha Harare. Pale tuliulizwa, "Je, hoja hii ni sahihi?" Hapa tukaulizwa, "Nani amewatuma?" Lugha ilikuwa bado ya kisomi, suti zimepigwa pasi. Ila ngazi moja tulikuwa tumekwisha shuka.

Kisha ikaja 2014.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, kijana wa habari, nikiamini nitashuhudia nchi yangu ikizungumza. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima kuanzia 2012. Rasimu zake mbili, ya Juni 2013 na ya Desemba mwaka huo, zikapendekeza serikali tatu, na safari hii sababu zilikuwa nyingi zaidi. Mojawapo ilikuwa mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya 2010, yaliyoitaja Zanzibar kuwa nchi. Bunge Maalum likaanza Dodoma Februari 2014, na kwa wiki nzima nzima likakwama kwenye jambo moja: kura iwe ya siri au ya wazi?

Wakati ule tulicheka. Tulisema wanakula posho bure. Leo naona ndilo lilikuwa jambo zito kuliko yote. Mtu anayedai kura ya wazi anataka kuona nani kageuka. Na palipo na mlinzi wa kuangalia nani kageuka, hakuna atakayesema, "Hapo umenikamata, nitakwenda kujipanga upya." Mjadala unakuwa gwaride.

Hata hivyo kulikuwa na nyakati nzuri. Warioba aliiwasilisha rasimu yake tarehe 18 Machi kwa utulivu wa jaji. Siku tatu baadaye Rais Kikwete alilihutubia Bunge hilo na kueleza kirefu wasiwasi wake juu ya serikali tatu. Kulikuwa na hoja humo, ingawa wengi walilalamika kwamba mwenye nyumba hakupaswa kuonyesha kidole wageni wakiwa bado wanachagua kiti. Tundu Lissu na wenzake wa upinzani wakahoji iko wapi Hati ya Muungano yenyewe, na serikali ikaitoa, karatasi yenye sahihi za Nyerere na Karume, watu wakaanza kubishana juu ya wino. Mimi niliona raha. Mtu kauliza ushahidi, mwenzake kaleta karatasi! Hiyo ndiyo siasa niliyoiota.

Haikudumu. Ukumbi ukajaa kuzomeana na vijembe, na wengine walisimama si kujibu rasimu bali kumchambua Warioba mwenyewe: umri wake, uzalendo wake, alichowahi kufanya serikalini. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA wakatoka nje na hawakurudi. Waliobaki wakaendelea, na tarehe 2 Oktoba wakapitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili. Mtu anaweza kuitetea serikali mbili, mimi mwenyewe kuna siku naiona ina mantiki. Lakini ushindi wa ukumbi usio na mpinzani ni kama kushinda bao ukiwa umehamisha kete zote mwenyewe.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili tarehe 2 Novemba 2014, Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mdahalo juu ya katiba hiyo pale Ubungo Plaza. Warioba alikuwa anazungumza. Vijana wakanyanyua mabango, kelele zikapanda, viti vikaruka, na mzee yule, jaji, Waziri Mkuu wa zamani, akaondolewa ukumbini chini ya ulinzi. Taasisi yenye jina la mtu aliyeandika *Tujisahihishe* haikuweza kumaliza mdahalo.

Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Swali likarudi kabatini, na safari hii wakazima na taa. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, kwa sababu ya gharama. Wapinzani wakapinga ukumbini mpaka polisi wakaingia kuwatoa. Mwaka huo huo mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Januari 2023. Tarehe 7 Septemba 2017 Lissu, yule yule aliyeuliza iko wapi hati, alipigwa risasi mchana kweupe Dodoma, wakati Bunge likiwa na vikao.

Ninapozipanga tarehe hizi kwenye daftari, sioni hadithi ya watu waliokuwa na adabu wakaipoteza. 1984 palikuwa na adabu tele. Ninachokiona ni swali moja lililokataliwa jibu mara nyingi, na kila linapokataliwa linarudi na sauti kubwa zaidi. Mtu ukimgongea mlango taratibu asifungue, utagonga kwa nguvu. Asipofungua tena, utapiga teke. Aliye ndani atasema, "Tazama, hawa hawana ustaarabu!" Kweli, teke si ustaarabu. Lakini na kunyamaza miaka yote ile kulikuwa nini?

Hivyo nimefikia kuamini kwamba matusi ni moshi. Tunakemea moshi kila siku: viongozi wa dini wanakemea, wahariri wanakemea, Spika anakemea. Kinachoungua ni imani kwamba hoja inaweza kubadili jambo. Mtu akijua kwamba uamuzi umekwisha fanyika kabla hajafungua mdomo, ataongea na nani? Hataongea na aliye mbele yake. Ataongea na mashabiki wake. Na mashabiki hawataki sababu, wanataka mpasho.

Mwalimu alilijua hilo kwa njia nyingine. Ndiye aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikawa *Juliasi Kaizari*. Humo, baada ya mauaji, Brutus anapanda jukwaani na kuwaambia watu sababu zake. Kisha anapanda Antony na kuwachemsha damu. Mara umati unatoka mitaani, unamkuta mshairi aitwaye Cinna, jina sawa na la mmoja wa wauaji. Anawaambia yeye si yule, yeye ni mshairi. Wanamshughulikia hivyo hivyo, kwa jina lake. Kila ninapofika hapo nakumbuka kijitabu cha 1962. Kumhukumu mtu kwa jina, si kwa alilosema, ndilo kosa lile lile. Hesabu ya kujumlisha inakataliwa kwa sababu ya aliyeileta, na mwisho wake mshairi anauawa.

Na mimi? Siwezi kumaliza kwa kuwanyooshea vidole wanasiasa. Wao hawakunilazimisha kukata sekunde 40 za matusi katika mazungumzo ya saa nzima. Nilikata mwenyewe, nikaweka na muziki. Yale mazungumzo mengine, ya "hapo umenikamata," sikukata hata kipande. Nilidhani hakuna atakayesikiliza, na kwa kuwa sikuyasambaza, kweli hakuna aliyesikiliza.

Niliacha kazi ile, si kwa ushujaa, mkataba uliisha. Faili la mazungumzo yale ya saa nzima bado ninalo. Juzi nimelisikiliza tena nikiwa na kile kitabu mkononi. Yule wa serikali mbili alikuwa anarudia hoja ya Mwalimu ya gharama karibu neno kwa neno, sidhani hata alijua ni ya nani. Mwenzake akamjibu kwa mabadiliko ya Zanzibar ya 2010, jambo ambalo Mwalimu hakuishi kuliona. Hapo ndipo ukimya ule ulipokuja.

Nikatafuta ukurasa wenye hoja hiyo ya gharama. Yule bwana wa Posta alikuwa ameandika pembeni, "Hapa ana hoja." Nikachukua penseli, chini yake nikaongeza, "Alikuwa nayo. Lakini tazama 2010."